Laptopu ya GHz 2.6 na ya GHz 1.6, ipi itabeba piano bila kukwaruza?

mzee_wa_pedali:
Wakuu habari za jioni. Nina kibodi ya MIDI (inatuma noti tu, sauti inatengenezwa na kompyuta) naichomeka USB kwenye laptopu ya shemeji, prosesa Core 2 Duo ya zamani, napigia Pianoteq, programu ya piano, toleo la majaribio. Noti moja moja freshi kabisa, ila nikikanyaga pedali na kushika kodi kwa mikono miwili inaanza krrr krrr kama redio ya mbao inayotafuta stesheni, juzi mazoezini soprano wote wakageuka kunitazama. Sasa nimejikusanya nitafute ya kwangu, mtumba, na dukani nimeonyeshwa mbili: moja ina prosesa i5-3320M yenye spidi ya GHz 2.6, nyingine i5-8250U ya GHz 1.6 ambayo imezidi bei kama laki mbili hivi. Muuzaji ananiambia chukua ya 2.6, eti hata mtoto wa darasa la kwanza anajua 2.6 ni kubwa kuliko 1.6. Nyie mnaonaje?

fundi_sauti:
Mkuu huyo anakuuzia namba. Hiyo 1.6 ni spidi ya kuanzia tu, ikibanwa na kazi 8250U inapanda mpaka 3.4, na hiyo 3320M inapanda mpaka 3.3, kwa hiyo hapo wamelingana. Ila 3320M ni ya mwaka 2012 ina kori 2 (yaani vichwa viwili vya kupiga hesabu), 8250U ni ya 2017 ina kori 4, na kwa GHz ileile prosesa mpya inamaliza kazi nyingi zaidi. Ni kama wapagazi wawili wanatembea mwendo mmoja lakini mmoja kabeba magunia mawili.

Na ujue kwanini inakwaruza. Kompyuta haitoi sauti mfululizo, inapika kipande kipande. Ukiweka bafa, yaani ukubwa wa kipande, sampuli 128 kwenye sampuli 44100 kwa sekunde, kila kipande kina milisekunde 2.9 tu, ndani ya muda huo prosesa iwe imeshamaliza kupiga hesabu ya kipande kinachofuata. Ikichelewa hata kidogo spika inakosa cha kutoa, ndo hiyo krrr yako. Na pedali ndo muuaji mwenyewe maana vidole ni kumi lakini noti ulizoziacha nyuma bado zinalia zote, unajikuta una sauti 50 au 60 zinahesabiwa kwa mpigo.

kariakoo_digital:
Mnamdanganya jamaa, piano ni RAM na SSD basi. Mimi niliteseka na i7 yangu mwaka mzima, nimeweka SSD tu kimya, haikati tena.

fundi_sauti:
Wewe unatumia ipi? Zipo aina mbili na watu wanazichanganya kila siku.

kariakoo_digital:
Keyscape.

fundi_sauti:
Ehee, hapo sawa. Hiyo ni piano iliyorekodiwa noti kwa noti, inakula zaidi ya GB 70, prosesa kazi yake ni kuchota faili na kuyachanganya, kwa hiyo diski ikiwa nzito lazima ukwame. Pianoteq haina rekodi ndani, ni makumi ya MB tu, kila noti inaundwa kwa hesabu palepale unapobonyeza, nyuzi, nyundo, ubao, kila kitu. Huyo hata umpe RAM 32 hatashukuru, anataka nguvu ya prosesa.

dem_wa_keys_254:
Hapa Nairobi niko na hiyo hiyo 8250U na iko poa, lakini msimwambie ni ya miujiza. Ni laptopu nyembamba ya wati 15, vumbi ikiingia kwa feni inapata joto na spidi inashuka yenyewe, mimi ibada ya masaa matatu ilianza kukwaruza wimbo wa mwisho. Nilifunguliwa ikapanguswa, nikaweka power kwa High performance, nikaacha kupiga bila chaja. Imetulia hadi leo. Halafu mzee, uko na draiva gani ya sauti?

mzee_wa_pedali:
Sijui dada, iliyokuja na Windows.

dem_wa_keys_254:
Ndiyo hiyo sasa! Kabla hujanunua chochote weka ASIO4ALL, draiva ya sauti isiyochelewesha kama hiyo ya Windows, ni ya bure. Anza na bafa 256, hiyo ni kama milisekunde 6, kidole hakishtuki. Ikikataa panda 512, utasikia kauzito kidogo kama milisekunde 12 lakini kwa nyimbo za polepole unazoea. Na Wi-Fi zima wakati unapiga. Headphone za Bluetooth usijaribu hata, hizo zinachelewa na prosesa haina makosa.

fundi_sauti:
Naongezea, humo ndani ya Pianoteq kuna sehemu ya kupunguza idadi ya sauti zinazolia pamoja, na ya kushusha idadi ya sampuli kwa sekunde inazopigia hesabu ndani. Shusha, kwenye spika za kanisani hakuna atakayejua. Ikishindikana kabisa hamia Salamander, piano ya aina ile ya kurekodiwa, ni ya bure, imerekodiwa kwenye Yamaha C5, prosesa haitoki jasho sana ila RAM itaitaka.

mzee_wa_pedali:
Mrejesho wakuu. ASIO4ALL kwenye laptopu ya shemeji imesaidia, bafa 512 nikapunguza sauti ziwe 32, krrr imebaki kwenye kodi nzito tu. Lakini mashine ni ya shemeji na ameanza kununa, nikarudi dukani leo na kibodi begani. Nimejaribu zote mbili kwa bafa 128, pedali chini, naburuza mkono toka besi mpaka juu. Ile ya 2.6 imekwaruza mara ya pili tu. Ya 1.6 imepita mara zote tano. Muuzaji akanyamaza, halafu akashtuka vibonyezo vyeusi kadhaa havitoi sauti akadhani laptopu yake imeharibika, nikamwambia tulia bosi, hii ni ya majaribio ndo ilivyo, baadhi ya noti wamezizima na baada ya dakika 20 inajifunga. Hakuniamini mpaka nikafungua piano nyingine. Nimeichukua kwa kupunguziwa elfu 40, kesho naifungua nipanguse hilo feni kwanza.