Amri ya Kaunda ilimjenga Jagari, au ilimpa jina tu?

Wakuu, naleta hoja. Kila wasanii wetu wanapolalamika kwamba redio zimejaa nyimbo za nje, hakosi mtu wa kuitaja Zambia: miaka ya 70 Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani, vijana wakang'ara. Sawa. Sasa mtazameni Emmanuel Chanda, "Jagari", jina lililotokana na Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Kiingereza Rolling Stones. Alikuwa mwimbaji wa WITCH, bendi ya Kitwe, kwenye ukanda wa migodi ya shaba. Gitaa zinanguruma, kinanda kinazunguka kichwani kama homa: ndiyo Zamrock hiyo, yaani rock ya Zambia. Walivuma kweli. Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya muongo, vita vya ukombozi vikapamba moto mipakani, ikaja amri ya kutotembea usiku. Bendi ya rock inayopiga saa nane mchana! Jagari akaenda kusomea ualimu, baadaye akawa mchimbaji wa vito. Wenzake wa kikosi cha awali wamefariki. UKIMWI ulifyeka wengi wa kizazi kile. Kwangu, asilimia za redio ni jina tu. Hazimlishi mtu.

*Mchangiaji wa pili:* Mkuu, unaitwisha amri mzigo wa shaba. Bei ya shaba ilipangwa London, Kaunda angefanya nini? Kabla ya amri bendi nyingi zilikuwa zikikopi Rolling Stones na Deep Purple. Redio ilipotaka sahani za nyumbani, ikabidi watunge zao. Bila hiyo leo tusingekuwa na Jagari wa kubishania.

*Mchangiaji wa tatu:* Za nyumbani zipi? WITCH waliimba sehemu kubwa kwa Kiingereza, na gitaa ni la Jimi Hendrix mtupu, yule mpiga gitaa wa rock wa Marekani. Amri iliangalia pasipoti ya msanii, siyo muziki wake.

*Mchangiaji wa pili:* Acha hizo. Kitwe ni mji wa migodi, watu wamekuja kutoka kila kona. Ulitaka wapige marimba ndipo uwaite Wazambia? Mbona rumba ya Kongo yenye magitaa ya umeme huikatai?

*Mwanzisha mada:* Hapo kwenye rumba nakubaliana nawe. Ila swali langu hamjaligusa. Aliyemtoa Jagari machimboni ni nani? Albamu za WITCH zilitolewa upya na Now-Again, kampuni ya Marekani. Ikaja filamu ya 2019, ziara za Ulaya pamoja na wanamuziki vijana wa huko, na 2023 albamu mpya, *Zango*. Yote hayo yalianza kwa wakusanyaji wa sahani wa ng'ambo, watu ambao amri ya Kaunda haikuwahusu hata kidogo. Kwa hiyo anayetaka asilimia zake hapa kwetu aniambie pia nani atatunza kanda, na mkataba utaandikwaje ili mwanamuziki akizeeka kazi bado iwe yake. Mchangiaji wa pili, anza wewe.