Mjusi wa Tendaguru: tudai arudi Lindi, au tudai kitu kingine?

Mtoa mada:

Wadau, habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likiibuka huishia kwenye matusi au kwenye jibu la "hatuna hela".

Mjusi ninayemsema ni yule dinosaria anayesimama kwenye ukumbi mkuu wa makumbusho ya elimu ya viumbe pale Berlin. Kimo chake ni mita 13.27. Alichimbwa kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na wachimbaji walioajiriwa na msafara wa makumbusho hayo kati ya 1909 na 1913. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mwaka 1914 Werner Janensch, mtaalamu aliyeongoza msafara huo, alimpa jina la Brachiosaurus brancai, na tangu 2009 wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan, yaani jitu-twiga. Mbali na huyo mmoja, zaidi ya tani 200 za mifupa zilishushwa hadi bandari ya Lindi na kupakiwa melini.

Mei 2018 waziri wetu wa mambo ya nje wa wakati huo, hayati Augustine Mahiga, alisema Tanzania haitadai mjusi huyo arudishwe, bali itaomba ushirikiano katika utafiti. Mimi nasema tulikosea. Mhandisi wa Kijerumani alioneshwa mifupa ile mwaka 1906. Huo ndio mwaka ambao Kusini nzima ilikuwa ndani ya Maji Maji, mashamba yanachomwa na watu wanakufa kwa njaa. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa vita ile. Nilimsikiliza kwa heshima. Ila mtu akikuomba radhi kwa kukuvamia nyumbani, unamuuliza pia na kile alichoondoka nacho.

Nadai arudi. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa pili (nimesoma jiolojia):

Mkuu, nakuheshimu, lakini nipingane nawe.

Kwanza tujue tunachodai. Yule mjusi wa ukumbini si mnyama mmoja. Ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa wa Tendaguru, na pingili za shingo na mgongo zilizosimamishwa pale ni za kutengenezwa, kwa sababu zile halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Hata kichwa anachokivaa ni nakala. Fuvu halisi limehifadhiwa peke yake. Kumng'oa pale ni kazi ya miaka. Alishafunguliwa mara moja wakati ukumbi unakarabatiwa na akasimamishwa upya 2007, na kazi hiyo ilifanywa na watu waliokaa na mifupa hiyo maisha yao yote. Na tusijidanganye kuhusu moto: makumbusho ya taifa ya Brazili pale Rio de Janeiro yaliteketea Septemba 2018 usiku mmoja.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, tunalilia mifupa ya 1909 huku hatuna habari na inayotangazwa sasa hivi kutoka ardhi yetu wenyewe. Wangapi humu wamewahi kusikia jina Asilisaurus kongwe? Ni la 2010, kutoka bonde la Ruhuhu, kusini. Mnyama wa ukubwa wa mbwa, jamaa wa karibu wa dinosaria, aliyeishi yapata miaka milioni 10 kabla ya dinosaria wa kwanza wanaojulikana bila ubishi. Mwaka 2013 akatangazwa Nyasasaurus kutoka bonde hilohilo, wa miaka milioni 243 hivi. Huyo huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote, au ndugu yao wa karibu kabisa. Mwaka 2017 akaja Shingopana kutoka Songwe. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, wa mto Mtuka, upande wa Rukwa, aliyepewa jina hilo kwa sababu pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Majina mengi yamebeba Kiswahili, na magazeti yetu karibu yote yalilala.

Shilingi ya kumsafirisha mjusi ingesomesha vijana wa paleontolojia (elimu ya viumbe wa kale) wa kizazi kizima. Nchi nzima wataalamu hao ni wachache mno.

Mchangiaji wa tatu (niko Berlin mwaka wa kumi na moja):

Kaka wa jiolojia, mengi uliyosema ni kweli, lakini hiyo hoja ya usalama naomba uiweke chini taratibu.

Makumbusho haya hapa yalipigwa bomu Februari 1945, ubawa mmoja wa jengo ukaanguka, na sehemu ya mifupa ya Tendaguru ikapotea moja kwa moja. Mwaka mmoja nyuma yake, Aprili 1944, mabomu yaliangukia makumbusho ya Munich na kuiteketeza mifupa ya dinosaria Spinosaurus aliyechimbwa jangwani Misri mwaka 1912. Ile ndiyo iliyokuwa mifupa ya msingi ya mnyama yule, iliyotumika kumpa jina. Wanasayansi walibaki na michoro na picha kwa miaka 70, hadi mabaki mengine ya Moroko yalipotangazwa 2014. Kwa hiyo Afrika ilipoteza mnyama wake akiwa "mahali salama" Ulaya. Sifurahii hata kidogo kuyaandika haya. Nataka tu tuache kuamini kwamba moto una uraia.

Nilimpeleka binti yangu pale akiwa na miaka saba. Mtoto alisimama chini ya kifua cha mjusi, akainua kichwa mpaka kofia ikamdondoka, kisha akaniuliza kwa Kijerumani: "Mama, huyu ni wa kwa bibi?" Bibi yake yuko Nachingwea. Nikamwambia ndiyo. Akauliza sasa mbona bibi hajawahi kumuona. Nilikosa jibu la kumpa mtoto wa miaka saba, na sijalipata bado.

Mchangiaji wa nne (mwalimu, Mbeya):

Nafundisha baiolojia sekondari. Baada ya kusoma mchango wa ndugu wa jiolojia niliandika ubaoni Mnyamawamtuka, bila maelezo. Kidato cha tatu wakasoma wenyewe, wakacheka, halafu wakatulia, halafu maswali yakaanza: Mtuka ni huu wa kwetu? Alikula nini? Mifupa iko wapi? Miaka yote nimefundisha mageuzi ya viumbe kwa mifano ya ng'ambo, na somo halijawahi kuchangamka hivyo.

Lakini nimuulize ndugu yangu swali. Nyasasaurus unayemsifia alichimbwa miaka ya 1930. Alikaa kwenye makabati ya London na Cape Town karibu miaka 80 kabla ya kutangazwa. Yuko mwingine, Mambawakale ruhuhu, jamaa wa kale wa mamba: fuvu lake lilichukuliwa Tanganyika 1963, nchi ikiwa huru tayari, na jina lake rasmi likatoka 2022. Fuvu hilo nalo liko London. Sasa hayo "mapya" tunayotakiwa kuyafuatilia, mwanafunzi wangu atayafuatilia wapi kama yamefungiwa huko?

Mchangiaji wa pili:

Mwalimu, umenibana, na nakubali. Ila angalia mfano wa Teleocrater, jamaa wa kale wa dinosaria, aliyetangazwa 2017. Mifupa yake ya kwanza ilichimbwa 1933 na Mwingereza, ikaenda London. Mwaka 2015 watafiti walirudi Ruhuhu wakapata mingine ya mnyama huyohuyo, na hiyo imesajiliwa kwa namba za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Mnyama mmoja, zama mbili. Kilichobadilika katikati ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ndiyo maana nasema nguvu zetu ziwe kwenye kinachochimbwa leo, kwa sababu hapo sheria iko upande wetu. Tendaguru ilichimbwa chini ya sheria za Wajerumani wenyewe.

Mchangiaji wa tano (Lindi mjini):

Nimesoma yote kimya. Sasa niseme kama mtu wa huku.

Sheria za Wajerumani ndizo zipi? Ile amri ya 1895 iliyosema ardhi yote wasiyoiona na mwenyewe ni mali ya dola yao? Tendaguru ilikuwa na watu. Mifupa ilikuwa inajulikana na wenyeji kabla Mjerumani hajaoneshwa. Sheria inayoanza kwa kumfuta mwenye ardhi, mimi siiiti sheria.

Pili, mnamtaja Janensch na hamwataji waliochimba. Kwenye machimbo walifikia watu kama 500, wengine na wake zao na watoto. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Plasta ilipokuwa haba, mifupa ilivikwa udongo na kuzungushiwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Miaka 100 baadaye kulikuwa bado na vifurushi vya mianzi huko Berlin ambavyo havijafunguliwa hata mara moja. Yaani mtu amebeba mzigo mpaka shingo imekufa ganzi, na aliyeupokea hajaufungua!

Tazameni na majina. Brancai ni mkurugenzi wa makumbusho yao. Dysalotosaurus lettowvorbecki ni kamanda wao wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyeburuza wapagazi wetu kufa porini. Imechukua mpaka 2007 mnyama mmoja kuitwa bohetii, na mpaka 2019 mwingine kuitwa Wamweracaudia keranjei: mkia wa Wamwera, kwa heshima ya watu wa hapa na ya Mohammadi Keranje aliyeongoza uchimbaji wake. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nililisoma kwa sauti, peke yangu, sebuleni.

Na mtoa mada, nawe nikubane. Unasema "arudi". Arudi wapi? Akishuka bandari ya Dar akawekwa Posta, mtu wa Mipingo, huku jirani na Tendaguru, atamuona kwa nauli gani? Tendaguru hakuna jengo la makumbusho. Mimi sitaki mjusi atoke Berlin aende kuwa mjusi wa Dar. Kama dai litaandikwa, Lindi iandikwe ndani yake.

Mchangiaji wa tatu:

Dada au kaka wa Lindi, sijui nikuiteje, asante. Naongeza jambo moja kuhusu "haiwezekani". Juni 2023 Ujerumani ilirudisha Brazili kisukuku cha dinosaria mdogo, Ubirajara, kilichokuwa makumbusho ya Karlsruhe. Wabrazili walilianzisha mtandaoni mara tu makala ya kisayansi ilipotoka Desemba 2020, wanasayansi wao wakiwa mstari wa mbele, na hawakunyamaza.

Mchangiaji wa pili:

Brazili ina sheria ya visukuku tangu 1942, na kile kilitoka baada yake. Hatufanani nao. Ila kwa haki niseme na linalonipinga: Septemba 2025 Uholanzi ilitangaza kuirudishia Indonesia mkusanyiko wa Dubois, visukuku zaidi ya 28,000, pamoja na mabaki ya mtu wa kale wa Java. Vile vilichukuliwa enzi za ukoloni, chini ya sheria za mkoloni, kama Tendaguru. Kwa hiyo hoja yangu ya sheria imepungua nguvu, nakiri. Ya wataalamu bado naishikilia.

Mtoa mada:

Nimejifunza kuliko nilivyotarajia, na nabadilisha dai langu hadharani.

Nilikuwa nadai safari. Sasa nadai hati kwanza. Ujerumani ikiri kwa maandishi kwamba mifupa ya Tendaguru ni mali ya Tanzania, yote, pamoja na ile iliyo kabatini. Tukishakuwa wenye mali, sisi ndio tutaamua mjusi mkubwa abaki Berlin kwa mkataba wenye kodi na mwaka wa mwisho, na mifupa ipi ianze kurudi. Kodi hiyo isomeshe vijana wa ndugu yangu wa jiolojia, na ijenge nyumba ya visukuku Lindi, siyo Posta. Tulishawahi kupokea cha kwetu tukakitunza: fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 lilirudi kutoka Kenya mwaka 1965, na liko Makumbusho ya Taifa mpaka leo.

Ndugu wa jiolojia, wewe ndiye mpinzani wangu mkubwa humu, na kila ulichokipinga kilihusu safari: uzito, gharama, moto, ufundi. Hati haina uzito wa tani, wala haihitaji ukumbi wa mita 13. Hiyo nayo unaipinga?

Mchangiaji wa pili:

Hiyo siipingi. Lakini iandike kwamba namba za usajili nazo zibadilike, mfupa kwa mfupa, maana mtafiti anayetaka kuusoma huomba ruhusa kwa mwenye namba. Ukiacha hilo, utakuwa umepata karatasi tu.

Mchangiaji wa tano:

Na majina ya wachimbaji yawekwe kwenye kibao cha Berlin wakati tunasubiri. Hilo halihitaji hata mkataba.