Tupeane uzoefu: mtoto kutoka chuoni (madrasa) mpaka Gredi 10, wapi palikulemeeni?

Mama wa Langoni:
Asalam aleikum wazazi wenzangu. Mwanangu wa pili anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mwakani, atakuwa na miaka minne, na nimekaa nikakumbuka vile nlihangaika na kakake. Yule nlimtoa chuoni moja kwa moja, ameshamaliza alifu kwa kijiti na juzuu amma anasoma mwenyewe, nikaona huyu hana shida, kumbe kazoea kuandika kutoka kulia na shuleni wanaanza kushoto. Muhula mzima jina lake anaandika kinyumenyume. Ticha akanambia mtoto mzito na mimi nikaamini, jioni namgombeza, roho yaniuma mpaka leo. Bibi yake ndiye alomkalisha barazani akamchorea mshale mwanzo wa kila mstari, "hapa ndo mlango, ingia hapa". Wiki mbili akashika. Haya, na nyinyi wenu walikwama wapi?

Baba Watatu, Malindi:
Sisi ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto kazaliwa nyumbani huku Barani, hatukufuatilia, kuingia Gredi 1 shule inataka namba ya cheti imuingize kwenye mtandao wa serikali. Nimepanda ngazi za ofisi mara nne, kila siku njoo wiki ijayo, na siku hiyo kazi sijaenda. Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki mamake aliiweka ndani ya msahafu, na barua ya chifu. Kadi za kliniki msitupe jamani.

Ummu Wawili:
CBC yenyewe, huu mtaala wa umilisi, mi nlikuwa naichukia, kila siku pesa za kuprinti picha saiba. Lakini Gredi 4 binti yangu akaambiwa alete kitu cha kusuka, nikataka kwenda kununua kikapu nimalize, nyanyake wa Matondoni akakataa kabisa. Akaleta miyaa, akamfunza kusuka ukili kuanzia magharibi mpaka isha, siku tatu, vidole vimemchubuka na ule ukili wa kwanza umepinda kama njia ya punda. Ndo huo alopeleka. Saa hizi yuko Gredi 6 na mkeka wake wa kuswalia kasuka mwenyewe, mashaallah, na kwenye hesabu za vipimo ametulia kuliko kakake, sababu kusuka ni kuhesabu tu.

Fundi Mbao:
Dada, huyo wa Gredi 6 mfuatilie sana. Watu wamezoea KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, ile ya mwisho ilikuwa 2023, sasa wakisikia KPSEA, huu mtihani wa Gredi 6, haimfukuzi mtu shule wanalegea. Mi nlilegea. Kumbe inachangia asilimia 20 kwa kupangiwa sinia skuli ya Gredi 10, zile tathmini za shuleni Gredi 7 na 8 asilimia 20 nyingine, halafu KJSEA ya Gredi 9 ndo 60. Wangu nlianza kumkazania akiwa Gredi 9, karibu nusu ya safari imeshapita.

Mama Shela:
Wangu ni wale wa kwanza, 2023 wakaanza JSS, ile junia skuli ya Gredi 7 mpaka 9, mwezi wa kwanza 2026 akaingia Gredi 10. Anapenda umeme na mashine, akachagua STEM, ule mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, akapangiwa shule ya bodingi mbali huko bara. Nlifurahi, halafu usiku nikalia. Tulivuka na boti mpaka gati ya Mokowe, upande wa bara, bado giza, kakaa juu ya sanduku lake la bati, jina babake kaliandika kwa rangi ya mashua na bado inanata, akashuka suruali ina doa jeupe nyuma. Nikataka kuifuta akanizuia, "iache mama". Hajawahi kulala mahali hasikii adhana ya alfajiri. Jumapili ya kwanza akapiga na simu ya ticha, nangoja anambie chakula kibaya ama kaibiwa, akaniuliza kaskazi yavuma sana na baba katoka baharini? Ni hayo tu. Masomo anaendelea vizuri, fizikia ndo yamsumbua kidogo.

Mama wa Langoni:
Allah amlinde dadangu, umeniliza. Godoro ulinunua huku ama huko huko?

Mama Shela:
Huko huko mamangu. Kwenye boti likirukiwa na maji ya chumvi halikauki tena.