Mita mbili za Mama: gumzo la kundi la WANA WA MZEE KONDO, BUGURUNI

Jumatatu

Dada Mwaju 06:41
Assalam aleikum. Mama shikamoo, Mjomba shikamoo. Wengine hamjambo. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, msije mkasema hamkuambiwa.

Dada Mwaju 06:44
Jana nilikuwa kwa Mama. Nimemnunulia umeme wa elfu kumi, LUKU ikakata 1,500 ya kodi ya majengo. Natoka uani, mpangaji wa chumba cha pili ananionyesha meseji yake, naye kakatwa 1,500. Nyumba ni moja jamani! Mita mbili, zote zinakatwa.

Dada Mwaju 06:48
Na Mama ana miaka 74. Mzee wa kuanzia miaka 60 asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, sheria imemsamehe kodi hii. Nyumba moja tu, ile anayolala. Lakini LUKU haimjui mzee wala kijana, inakata mpaka uende ukaombe. Wameanza kukata kwenye umeme Agosti 2021, 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikawa 1,500. Pigeni hesabu wenyewe imeshakwenda ngapi.

Dada Mwaju 06:50
Mwenyekiti wa mtaa anaandikisha majina ya wazee ampelekee diwani, akaliseme kwenye baraza la jiji. Alhamisi saa mbili asubuhi Mama awe ofisi ya mtaa achukue barua, halafu TRA kwa watu wa kodi. Mimi niko zamu. NANI ANAMPELEKA?

Dada Mwaju 09:15
Tiki za buluu naziona. Watu tisa mmesoma.

Shabani 10:02
Shangazi, Bibi ana 74 ya wapi? Kadi ya kliniki ndiyo inasema 74, kitambulisho cha NIDA kinasema 70. Bibi kajipunguzia kimyakimya 😂

Rashidi Muscat 10:05
😂😂😂 Aliyemwandikisha alimwona hana mvi

Mjomba Seif 10:21
MIMI NINA 79. NAMPITA MIAKA MITANO. NIMEMBEBA MGONGONI KUMPELEKA CHUONI. NIDA WANAJUA NINI.

Shabani 10:22
Shikamoo Babu. Basi na wewe uandikishwe, usije ukaachwa 😂

Dada Mwaju 10:30
Shabani, iwe 70 iwe 74, sitini alishaipita kabla hujaanza shule. Alhamisi. Nani?

Zai 12:47
Dada samahani nimechelewa, nilikuwa kwenye daladala. Swali moja. Pale wakimuuliza nyumba ya nani, tunasemaje? Leseni ya makazi bado ina jina la Baba.

Dada Mwaju 12:51
Ndiyo hapo sasa. Kaka Hamisi, mirathi imefika wapi? Muhtasari wa kikao tulisaini wote, hata arobaini ilikuwa haijafika. Cheti cha kifo RITA nilikifuata mwenyewe kwa miguu yangu, nikakupa mkononi.

Wifi Mama Nasra 13:10
Jamani Baba Nasra yuko barabarani, msimsakame. Dawa za presha za Mama kila mwezi ananunua nani?

Zai 13:14
Wifi, dawa tunashukuru na Mungu amzidishie. Hapa tunaulizia makaratasi. Yasije yakawa kama ya Chanika.

Rashidi Muscat 13:15
Zai 🙏🙏 basi

Wifi Mama Nasra 13:16
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Wifi Mama Nasra 13:19
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shabani 13:25
Jamani Yanga wanacheza saa ngapi leo?

Mjomba Seif 14:03
MWAJUMA SIKILIZA. DIWANI ATAKUOMBEA TU. KIWANGO CHA KODI HII KINAPITISHWA BUNGENI DODOMA, BARAZA LA MADIWANI HALINA UWEZO WA KUKIPUNGUZA. ZAMANI MANISPAA WALIKUWA WANAKUSANYA WENYEWE, MZEE KONDO ALIKUWA ANALIPIA DIRISHANI NA RISITI ANAWEKA KWENYE SANDUKU LA BATI. 2016 IKAENDA TRA. MSIPOTEZE SIKU KUMSUBIRI DIWANI.

Dada Mwaju 14:08
Mjomba nimekuelewa. Ndiyo maana nasema barua tu ya mtaa halafu moja kwa moja TRA. Nahitaji mtu mmoja. MMOJA. Watoto tumezaliwa wanne, wajukuu hawahesabiki.

Mama 17:32
🎤 Ujumbe wa sauti (2:06)

Rashidi Muscat 17:40
Niko kazini siwezi kusikiliza. Zai niandikie Mama kasemaje

Zai 17:58
Nakuandikia kama alivyosema:

"Mwaju mwanangu nimekusikia, Mungu akulipe kwa kunihangaikia. Lakini chumba cha mbele na viwili vya uani kuna watu, wananilipa mkononi, ndiyo nakula hapo. Nikaenda kwa mtu nikaweka dole gumba nikasema sina kipato, nimesema uongo na umri huu. Hiyo elfu na mia tano nitalipa, sijafa nayo. Mnalonilaza macho ni lile jina la baba yenu kwenye leseni. Tangu mmezika hamjakaa kitako hata siku moja mkalizungumza. Nikifumba macho leo, wapangaji wangu watamjua nani? Mtagombana mbele yao. Nimemaliza."

Rashidi Muscat 18:01
Shikamoo Mama. Tumesikia 😔

Mjomba Seif 18:20
AMESEMA MWENYE NYUMBA.

Dada Mwaju 19:44
Mama nisamehe. Sikukaa nikafikiria habari ya wapangaji. Nilijua kipato ni mshahara au pensheni. Sitakuandikisha.

Dada Mwaju 19:52
Lakini mita ya pili siiachi. Hiyo Mama haombi kusamehewa, ni haki yake. Nyumba moja kodi moja, basi. Ile ya uani anakatwa mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji ana haki ya kuifyeka kwenye pango. Juzi kampa Mama pungufu, wakaanza kutazamana vibaya. Watu wameishi vizuri miaka minane! Kwa hiyo Alhamisi iko palepale, ila tunakwenda kwa ajili ya mita. Namba zote mbili za mita ziandikwe, wabakize moja.

Zai 20:10
Kwa ajili ya mita naweza kwenda, nikipata ruhusa kazini. Nitawajibu kesho. Mama asitoke, foleni ya pale na miguu yake haviendani.

Rashidi Muscat 20:15
Mimi nauli na chakula. Nitume kwa nani?

Kaka Hamisi 22:36
Nimesoma yote. Mama shikamoo. Mjomba shikamoo. Barua ya mahakama ya mwanzo ninayo. Mambo ya Chanika hayazungumzwi kwenye simu, wenye kujua wanajua ile hela iliingia hospitali gani. Nakuja Jumapili tukae.

Zai 22:38
Kuna waliokuwa wanalala hospitali na Baba na hawajui, kaka.

Dada Mwaju 22:39
Zai, iache. Kaka, Jumapili njoo tukae, na uje na barua na cheti. Ila ofisi za watu Jumapili zimefungwa, la mita haliwezi kusubiri. Namba ya mita ya uani nani anayo?

Zai 22:45
Nimempigia mpangaji. Namba anayo, lakini ile mita imesajiliwa kwa jina la Kaka Hamisi.

Dada Mwaju 22:46
Tangu lini?

Zai 22:46
Sijui.

Dada Mwaju 22:58
Kaka?

Jumanne

Shabani 07:20
Bibi shikamoo. Babu shikamoo. Shangazi zangu shikamooni. Baba katoka alfajiri, simu kaiacha kwenye chaji.

Dada Mwaju 07:24
Marahaba. Ikiwa kwenye chaji mbona yuko mtandaoni?

Rashidi Muscat 07:31
Nimetuma elfu hamsini kwa Zai. Itumike Alhamisi au Jumapili, mtajua wenyewe.

Zai 07:50
Imefika, asante kaka. Ruhusa bado sijajibiwa.

Mama 08:05
🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Zai 08:07
Mama anauliza Jumapili apike watu wangapi.

Mjomba Seif 08:40
HAMISI.