Miche ya kijiji inakufa kila kiangazi, wakulima tuwashirikishe vipi?

Mkulima wa Ruangwa
Habari zenu wanajamvi. Nipo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Miche ya mitiki huletwa na gari kila 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Tunapanda kuzunguka shule na zahanati, Agosti vimebaki vijiti. Wakulima nikiwaita wanasema wana ufuta wao. Sitaki kuwapiga faini. Wenzetu mnafanyaje?

Mama Kitalu, Kilwa
Pole na kazi, kaka yangu. Anza na tarehe. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaingia Novemba au Desemba na ikifika Aprili unaaga. Mche wa 1 Aprili unakutwa na jua kabla mzizi haujashuka. Siku hiyo itumieni kupalilia na kukagua. Kupanda iwe mwisho wa Desemba au Januari, udongo ukishaloa vizuri. Na kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, kivuliwe kabla ya kufukia! Nimeng'oa miche mingi iliyokufa, mizizi imejiviringa ndani ya nailoni kama kamba ya ndoo.

Halafu, mti wa zahanati nani ataumwagilia? Mpe mkulima miche apande mpakani mwa shamba lake, na achague mwenyewe. Huku kina mama wanaomba mikorosho na miembe kwanza, nami nawapa bila kinyongo. Aliyeshika mkorosho wake hakatai miti miwili ya mbao, mikongo, pembeni.

Lakini kinachoniuma zaidi ni miti tunayoifyeka ikiwa hai. Mninga mchanga hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi unanenepa chini, mvua ikirudi unachipua tena. Mtu anaona kijiti kikavu, anapitisha panga. Mpingo nao huchipua kwenye kisiki na mizizi, na hadi ufae mbao unaweza kuchukua miaka 70 hata 100. Tembea na mwenye shamba kabla hajasafisha shamba la ufuta, fungeni kitambaa chekundu kwenye kila chipukizi. Hiyo haihitaji gari wala kitalu.

Mzee wa Liwale
Mama amesema kweli. Naongeza upande wa msitu wenyewe. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuvuna kwa mpango. Kikole na Kisangi, huko huko Kilwa, walipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili. Mkulima akiona fedha ya mbao inachimba kisima, doria anakwenda mwenyewe. Ila mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi. Mkificha, mnalinda msitu peke yenu.

Mkulima wa Ruangwa
Nashukuru sana, mama, na mzee wangu. Na moto wa wawindaji wa ndezi je? Mwaka jana ulipita hadi kwenye mikorosho.

Mama Kitalu, Kilwa
Chomeni mapema nyinyi wenyewe, Juni hivi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto unapita chini taratibu, chipukizi nyingi zinapona, na ule mkali wa Septemba unakosa cha kula. Wawindaji waiteni kwenye kazi hiyo, maana wanalijua pori kuliko kamati nzima. Na pembezoni mwa mikorosho palimwe pabaki peupe kabla ya kuwasha.