Ulinganisho: FLAC, MP3, AAC au Opus? Nataka kuingiza CD zangu kwenye kompyuta

Kasha_la_CD

Wakuu, habari zenu. Nina CD kama 300 hivi, nyingine zimeshakwaruzika, na nimeamua kuziingiza zote kwenye kompyuta kabla hazijanigomea. Kazi hii nataka niifanye mara moja tu, sina nguvu ya kuirudia. Nasikiliza kwa namna mbili: nyumbani kwa hedifoni za waya, njiani kwa simu na visikizi vya Bluetooth.

Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Mmoja anasema MP3 ya kbps 320 (kilobiti 320 kwa kila sekunde) inatosha na kubaki, mwingine anasema anayesikiliza MP3 hajawahi kusikia muziki. Naomba mnilinganishie WAV, FLAC, MP3, AAC na hii Opus ninayoiona kila mahali siku hizi. Nichukue ipi, na kwa sababu gani?

Waya_Mrefu

Tuiondoe WAV kwanza ndipo tuongee vizuri.

CD inahifadhi sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila sampuli biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Zidisha, unapata kbps 1,411, yaani kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. WAV inayabeba yote hayo kama yalivyo. FLAC inabeba yaleyale, ila imeyakunja kama nguo ndani ya sanduku. Ukilifungua, shati ni lilelile na vifungo vyake vyote. Mara nyingi faili linabaki kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wa awali. Muziki mtulivu unakunjika zaidi, wenye kelele mfululizo unakunjika kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi sana: kwa kawaida faili la FLAC huwa na alama ya MD5, namba iliyo kama alama ya vidole, iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti yenyewe. Ukilikagua baada ya miaka 10 litakuambia kama limeharibika. WAV haina kitu hicho, na hata majina ya nyimbo na picha ya jalada inayabeba kwa shida.

Ukiwa na vifaa vya Apple pekee, kuna ALAC, ambayo ni hadithi hiyohiyo. Ilitoka 2004 na Apple wakaiweka wazi kwa kila mtu 2011. Unaweza kuigeuza FLAC kuwa ALAC na kuirudisha hata mara mia, hakipotei kitu.

Sina_Haraka

Ila ukiwa unatengeneza FLAC tumia ngazi ya 0. Ngazi ya 8 inabana mno, muziki unakosa hewa. Mimi nimesikia tofauti kwa masikio yangu.

Waya_Mrefu

Ndugu yangu, hapana. Ngazi 0 hadi 8 zinabadili muda ambao kompyuta inautumia kutafuta namna bora ya kukunja, basi. Zifungue zote mbili uzilinganishe biti kwa biti, hutaona hata moja iliyotofautiana. Hewa uliyoisikia ilitoka dirishani.

Bi_Matoazi

😂 Tusimcheke sana, sote tumewahi kusikia vitu ambavyo havikuwepo.

Mimi ni mpiga ngoma, kwa hiyo MP3 nina ugomvi nayo wa muda mrefu. Kasha, ili uilinganishe na nyingine ni vizuri ujue inafanya nini. Haikunji nguo, inazitupa baadhi. Msingi wake ni kwamba sikio lina udhaifu: sauti kubwa inaimeza sauti ndogo iliyo karibu nayo, kwa wakati au kwa kimo. Sasa kama hutaisikia hiyo ndogo, ya nini kuihifadhi? Ni wazo zuri sana, na watu wa Fraunhofer kule Ujerumani waliolifanyia kazi hawakuwa wakibahatisha. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi wake wakuu, aliutumia wimbo wa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega kama mtihani, kwa sababu ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote, na matoleo ya mwanzo yaliiharibu vibaya. Sauti tupu haina pa kuficha makosa.

Ugomvi wangu uko hapa. MP3 inakata muziki vipande vipande, na kelele inayotokana na kubana inasambaa kwenye kipande kizima. Sasa chukua mlio wa ghafla: kastaneti, rimu ya ngoma, toazi linalogongwa mara moja baada ya ukimya. Kelele inatangulia kabla ya pigo lenyewe. Badala ya "ta!" unasikia "fta!". Ukishalijua sikio halilisahau. AAC iliyokuja 1997 inaweza kukata vipande vifupi zaidi ikikutana na mlio wa namna hiyo, ndiyo maana kwa kbps zilezile za chini huwa inaishinda MP3.

Kwa 128 MP3 nayakamata matoazi yangu yakichemka kama mafuta kikaangoni. Kwa 192 inategemea wimbo na enkoda, yaani programu inayotengeneza faili. Kwa 320 iliyotengenezwa na LAME, enkoda ya MP3, nasema kweli, nikifumba macho sikamati, labda kwenye sekunde mbili tatu za wimbo ninaoujua kwa moyo.

Dokezo dogo: kama una albamu ambazo nyimbo zinaungana bila kukatika, MP3 kwa asili yake inaongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. LAME inaandika maelezo ya kuurekebisha, ila si kila kifaa kinayasoma. Kwa rekodi za jukwaani ule mkatiko katikati ya makofi unaudhi kweli.

Namba_Tupu

Hesabu kwa CD 300, nikichukulia kila moja ina dakika 55:

WAV: GB 175 hivi
FLAC: GB 105 hivi
MP3 320: GB 40
AAC 256: GB 32
Opus 128: GB 16

Diski ya nje ya kawaida kabisa inameza hizo GB 105 bila kuhema. Kwa hiyo kwa kompyuta ya nyumbani swali la ukubwa limeshakufa. Limebaki kwenye simu.

Kuhusu Opus: ilipitishwa kuwa kiwango cha intaneti 2012, haina ada ya hataza, na inakwenda kuanzia kbps 6 hadi 510. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus hiyohiyo, na YouTube pia wanaitumia. Kwa muziki, kwenye 128 inafanya kazi ambayo MP3 inaihitaji kbps nyingi zaidi kuifanya. Kasoro yake ni vifaa vya zamani: redio ya gari ya miaka 15 iliyopita itakutolea macho tu. MP3 ndiyo inayopigwa na kila kitu chenye spika.

Sikio_la_Popo

Mnashangaza. Mnaongelea 128 na 320 wakati dunia imeshahamia biti 24 kwa kilohezi 192? CD ni teknolojia ya 1982. Mimi chini ya hapo sisikilizi.

Namba_Tupu

Jina lako limekujibu, mkuu 😀. Sampuli 44,100 kwa sekunde zinatosha kurejesha kila mtetemo hadi hezi 22,050. Sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu na 20,000, na umri unaendelea kupunguza. Kilohezi 192 zinakupa nafasi hadi 96,000, eneo ambalo hata mbwa wako hafiki. Biti 16 zinakupa takriban desibeli 96 kati ya mlio mkubwa kabisa na kelele ya chini. Na faili hilo ni kbps 9,216, zaidi ya mara sita ya CD.

Meyer na Moran walichapisha jaribio 2007 katika jarida la Audio Engineering Society: walichukua rekodi za kiwango cha juu, kutoka diski za SACD na DVD-Audio, wakazipitisha kwenye kiwango cha CD, wasikilizaji wakatakiwa kutambua ipi ni ipi. Walipatia karibu nusu ya majaribio. Ni sawa na kurusha sarafu.

Studio ni habari nyingine. Ukiwa unarekodi na kuchanganya, biti 24 zinakupa nafasi ya kukosea. Hapo sina ubishi.

Sikio_la_Popo

Basi mbona albamu zangu za biti 24 zinalia vizuri kuliko CD zilezile? Msiniambie ni dirisha tena.

Bi_Matoazi

Inawezekana kabisa zinalia vizuri, na sababu isiwe biti. Mara nyingi toleo la biti 24 limeandaliwa upya na fundi mwingine. CD nyingi tangu miaka ya 1990 zilisukumwa sauti juu mpaka ngoma na mwimbaji wakawa na ukubwa mmoja, hakuna kupanda wala kushuka. Ukipata toleo ambalo halikusukumwa hivyo, utasikia tofauti hata likiwa MP3. Jaribu: lichukue hilo faili lako la biti 24, lishushe wewe mwenyewe hadi biti 16 na kilohezi 44.1, halafu ulinganishe hayo mawili. Usilinganishe na CD ya zamani, hizo ni rekodi mbili tofauti.

Mimi kwa toleo lililoandaliwa vizuri napanga foleni. Kwa biti za ziada, hapana.

Mzee_wa_Kaseti

Nami nitie neno. Kinachoua sauti kuliko yote mliyotaja ni kugeuza faili lililokwisha kupoteza kuwa lingine linalopoteza. MP3 ya 128 ukaigeuza AAC, AAC ukaigeuza tena MP3: ni sawa na kudurufu nakala ya nakala, sisi wa kaseti tunaijua hiyo. Na ukiigeuza MP3 kuwa FLAC hujaongeza kitu, umelipa kopo kubwa maji yaleyale.

Niliwahi kununua albamu ya FLAC kwa muuzaji mmoja mtandaoni, nikahisi matoazi yamefifia. Nikaifungua kwenye Spek, programu inayochora picha ya masafa ya sauti. Kila wimbo umekatwa kwenye kilohezi 16 kama umenyolewa kwa wembe! Dalili ya kawaida kabisa ya MP3 ya 128 iliyovishwa koti la FLAC. Si ushahidi wa asilimia mia, maana zipo rekodi za kale ambazo zenyewe haziendi juu, lakini hii ilikuwa ya juzi juzi, na nyimbo 11 zote kukatwa mstari mmoja? Nilidai fedha yangu, mpaka leo kimya.

Kwa hiyo Kasha, CD unazo mkononi. Toa FLAC, kisha kila unapohitaji kitu kidogo kitengeneze kutoka kwenye FLAC hiyo. Kodeki (namna ya kubana sauti) bora ikija kesho huna wasiwasi, chanzo unacho.

Njiani_Tu

Hakuna aliyegusa Bluetooth, na ndiyo nusu ya swali. Simu haipeleki faili lako kwenye visikizi kama lilivyo. Inalifungua, halafu inalibana upya kwa kodeki ya Bluetooth. SBC, ambayo kila kifaa cha muziki lazima kiwe nayo, kwa kawaida inafika kbps 328. AAC ipo kwenye vifaa vingi. LDAC ya Sony inafika 990, lakini mawasiliano yakiyumba inaweza kushuka hadi 330, na mfukoni mwa suruali yanayumba sana.

Maana yake FLAC ya simuni nayo inabanwa kabla haijafika sikioni. Weka juu yake injini za magari na upepo. Njiani mimi naweka Opus 128 na maisha yanaendelea.

Kasha_la_CD

Nashukuru sana. Nimekaa wikendi nzima nikijipima mwenyewe kwa foobar2000, ina kiongezo cha jaribio la upofu: unapewa A, B na X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili imefichwa, unataja X ni ipi, mara 16. Nilisawazisha sauti kwanza, kwa sababu niligundua kila lililokuwa kubwa kidogo nililiita "bora" bila aibu. Hedifoni ni zilezile za waya, na kila moja niliilinganisha na FLAC.

MP3 128: nimepatia 15 kati ya 16.
MP3 192: 12 kati ya 16, tena kwa jasho, wimbo mmoja wenye matoazi mengi.
MP3 320: 7.
AAC 256: 8.
Opus 128: 9.

Kwenye 320 ningeapa mbele ya watu kwamba nasikia tofauti. Nilikuwa na uhakika kabisa. Saba!

Namba_Tupu

Safi sana. Kupata 12 au zaidi kwa kubahatisha kunatokea chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo kwenye 192 kuna kitu ulikisikia kweli. 7, 8 na 9 ni sarafu. Kumbuka tu hayo ni masikio yako, hedifoni zako na nyimbo ulizochagua. Bi Matoazi anaweza kukuletea kastaneti zake ukafeli upande wa pili.

Kasha_la_CD

Basi nimeamua: FLAC kwenye diski ya nyumbani na nakala yake kwenye diski nyingine, Opus 128 kwenye simu. MP3 nitatengeneza chache kwa ajili ya redio ya gari. Swali la mwisho: hizi CD zilizokwaruzika, nitajuaje kama zimesomwa sawasawa?

Waya_Mrefu

Tumia Exact Audio Copy, programu ya kusoma CD, na uwashe AccurateRip ndani yake. Inalinganisha ulichosoma na walichosoma watu wengine kutoka CD hiyohiyo, mkifanana, umepata. Isipofanana, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, usizungushe. Ikikataa bado, jaribu kisomaji kingine. Visomaji vina tabia tofauti kama watu.

Kasha_la_CD

Tatu za kwanza zimefanana zote. Ya nne, wimbo wa 7 umekataa mara mbili. Nimeitoa, naifuta tena.