Naombeni ushauri: hamsta wa binti yangu anang'ata, wiki ya pili sasa hashikiki

BabaZai:
Wakuu salaam, habari za humu ndani. Najua kuna watakaocheka ila mimi nimekwama kweli. Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa sita huu. Binti yangu ana miaka 9, tangu mwaka jana wimbo ni mmoja tu, baba nataka mnyama, baba nataka mnyama. Mbwa mwenye nyumba hataki, paka hataki, mwisho tukaangukia kwenye hamsta, vile vipanya vya kufugwa, wale wa rangi ya dhahabu. Mtoto kampa jina Kashata kwa sababu ya hiyo rangi. Mama yake ni mtu wa Tanga, siku naingia na kiboksi alisimama mlangoni akaniangalia weee, akasema "Baba Zai, kwetu watu wananunua sumu, wewe umetoa hela kununua panya?"

Sasa shida ni hii. Mtoto akirudi shule saa kumi jioni anaenda moja kwa moja kwenye kizimba, anafunua kile kinyumba anamolala anamchukua. Siku ya tatu kang'atwa kidole mpaka damu ikaingia kwenye mkono wa sweta la shule. Toka hapo haendi karibu, anasimama mlangoni anamwangalia kwa mbali anaanza kulia. Nikasema mimi mwanaume nijaribu, nikavaa glavu ya kutolea vitu kwenye oveni, yule mnyama alilala chali akatoa meno akapiga kelele ambayo sikujua kitu kidogo vile kinaweza kuitoa. Alafu usiku nikitoka shifti (natunza wazee, narudi saa nane usiku) nakuta anatafuna waya kra kra kra kra.

Je ni mkali tu ndivyo alivyo? Nimrudishe dukani? Au kuna namna ya kumzoesha? Natanguliza shukrani.

Kijiti_Kikavu:
Mkuu weka ile gundi ya panya pale mlangoni, uzi ufungwe tulale 😂😂

shangazi_wa_Likoni:
Kijiti we acha ushenzi, mtoto analia huko.

Baba Zai pole mwanangu. Mimi niko Luton, nimelea hamsta watatu kwa ajili ya wajukuu kwa hiyo nayajua haya kidogo. Huyo si mkali, huyo anaogopa na mnamwamsha. Hamsta ni mnyama wa usiku, saa kumi jioni kwake ni kama wewe uliyetoka shifti umelala saa tano asubuhi mtu aje akufunue shuka akubebe juu. Wewe usingemng'ata huyo mtu?

La pili mkono unaotoka juu. Kwa kiumbe kidogo kama kile kitu chochote kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Ulishaona vifaranga mwewe akipita? Basi ndo hivyo hivyo. Mkono uingie kwa ubavuni, chini chini, kiganja kikiangalia juu, na utulie hapo kama jiwe.

Kwa hiyo anza upya kabisa. Siku nne tano hizi asiguswe na mtu, mbadilishieni maji na chakula muondoke. Jioni ikiingia kuanzia saa mbili ukiona ameamka mwenyewe mtoto akae karibu amuongeleshe kwa sauti ya chini, amsomee hata kitabu cha shule. Chukua tishu nyeupe isiyo na marashi, mtoto alale nayo ndani ya fulana usiku mmoja alafu muichane muiweke kwenye kizimba, ataichukua ajengee kitanda, atakuwa analala na harufu ya mtoto. Hiyo ndo salamu yenyewe, maana macho yao ni dhaifu sana, wanajuana kwa pua.

Baadae ndo mkono na mbegu ya alizeti. Na hiyo glavu itupe huko, haimfundishi harufu yako na wewe huwezi kupima unavyombana.

Swali: mnafukiza udi humo ndani?

BabaZai:
Shangazi umejuaje 😅 Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi lazima. Na kizimba kiko sebuleni pembeni ya TV.

shangazi_wa_Likoni:
Aaah si nilijua! Mwambie mama Zai akifukiza amhamishie chumba kingine afungue na dirisha, mapafu yenyewe ni kama kunde, moshi ule si wake. Na kwenye TV mtoe, wale wanasikia sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii, kwake hapo hapalaliki. Na mikono muoshe kabla ya kumgusa, sabuni isiyonukia. Mtoto akitoka kula sambusa akamnyooshea kidole, kidole ndo sambusa.

Domo_Kaya:
Mi naona huyo ana upweke, mnunulie mwenzake watapozana, mnyama hawezi kukaa peke yake mwaka mzima mzee, hata sungura wangu walikuwa hivyo

Fundi_Tundu:
Domo hapo unampoteza mwenzio. Sungura sawa, hamsta wa dhahabu HAPANA. Hawa wakishakua kila mmoja anakaa kivyake, ukiwaweka wawili tundu moja wanapigana mpaka mmoja anakufa, na kama ni dume na jike bahati mbaya, mimba ni siku 16 tu, ndani ya mwezi baba Zai anaendesha shamba.

Mkuu hebu tuambie kizimba kina ukubwa gani, mana hiyo kra kra unayosikia kwa uzoefu wangu ni malalamiko.

BabaZai:
Nimepima hapa, sentimita 50 kwa 30, ndo tuliyouziwa naye. Maranda kidogo chini kama vidole viwili hivi na gurudumu la plastiki dogo.

Fundi_Tundu:
Basi hapo ndo penyewe. Huyo kwao anachimba mashimo marefu kwenye udongo, usiku mmoja anatembea kilomita kadhaa, wewe umempa sahani. Tafuta angalau mita moja kwa nusu mita, maranda yajae sentimita 20 au zaidi apate kuchimba, maranda ya msonobari au mwerezi yenye harufu kali usiweke. Na ile pamba wanayouza ati ya kulalia usiweke, inamzonga miguu. Gurudumu liwe na kipenyo cha sentimita 28 hivi, akikimbia mgongo unyooke, ukiona mgongo umejikunja kama upinde ni dogo.

Hela haipo? Chukua boksi kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, kata dirisha kwenye mfuniko weka wavu wa chuma. Mimi nimetengeneza hivyo. Sio urembo lakini kelele za waya ziliisha ndani ya siku tatu, na mnyama asiye na hasira ya nyumba anazoeleka haraka.

MjiKasoroBahari:
Niko Moro hapa nasoma uzi nacheka, mama Zai asimdharau panya kabisa. Hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wanafunzwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, si alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, lile shirika la kutibu wanyama la hukohuko Uingereza mliko, mwaka 2020, kwa kazi ya Kambodia? Sasa ile kazi haianzi na bomu. Wanaanza na kukazoesha watu hako kapanya tangu kakiwa kadogo macho ndo yamefunguka, kanabebwa, kanasikia sauti za watu na magari. Alafu ndo mlio, klik, ndizi. Klik, karanga. Mpaka kichwani mwake klik ni chakula.

Baba Zai fanya hivyohivyo, chagua sauti moja, mtoto agonge ulimi "tk tk" kila anapoweka mbegu. Siku moja atagonga tu utaona pua inatoka shimoni.

Mtu_wa_Maktaba:
Nyongeza ndogo tu. Hamsta hao wa dhahabu karibu wote waliopo majumbani na maabara ni ukoo mmoja, mama na vitoto vyake waliochimbuliwa shambani karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930 na mwanazuoni Aharoni wa Yerusalemu. Yule mama kwa hofu akamuua mmoja wa watoto wake hapohapo. Waliobaki baadhi walitafuna boksi la mbao wakatoroka. Uingereza walifika 1931. Kwa hiyo kung'ata na kutafuna asiulizwe Kashata, aulizwe bibi yake.

Kijiti_Kikavu:
Kumbe ni mtu wa Sham! Mpeni tende

Fundi_Tundu:
😂 Tende asipewe, sukari nyingi. Kipande kidogo cha tango, brokoli, yai la kuchemsha kidogo kama ukucha. Machungwa na limao asipewe, vitunguu asipewe.

BabaZai:
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, sikutaka kuja mikono mitupu.

Boksi nimetengeneza, maranda nimejaza mpaka mke akauliza nafuga au nazika. Waya hautafunwi tena. Tishu ya fulana tulifanya, asubuhi yake haikuonekana hata kipande, yote kaivuta chini.

Sasa sikilizeni. Juzi natoka shifti saa nane usiku sijavua hata yunifomu, nikakaa chini sakafuni nikaweka mkono ndani na mbegu tatu. Kama dakika kumi hakuna kitu, mkono unaanza kufa ganzi. Ikatoka pua, ikarudi. Ikatoka tena. Akaja akachukua mbegu ya kwanza kwenye ncha ya vidole akaingiza shavuni, ya pili, shavu likavimba, ya tatu ilikuwa katikati ya kiganja kwa hiyo ikabidi apande. Miguu yake baridi kidogo, kucha zinatekenya kama ncha ya sindano ya kushonea. Nikazuia pumzi jamani, mtu mzima mimi.

Tatizo jipya: kanizoea MIMI. Mtoto ndo kanuna sasa, anasema nimemwibia mnyama.

shangazi_wa_Likoni:
Hahaha hongera! Ni kwa sababu wewe ndo mtu wake wa usiku. Sasa Ijumaa na Jumamosi ambapo hakuna shule mruhusu mtoto akae mpaka saa tatu na nusu. Mna lile sinki refu la kuogea? Likaushe kabisa, tandika taulo, mtoto aingie akae humo na nguo zake, Kashata umuache atembee, umhamishe kwa kikombe usimshike. Humo hana pa kutorokea na hawezi kuanguka, maana macho yao hayapimi kina, akifika ukingoni wa kitanda anaendelea tu na safari. Mtoto asimkimbize, awe mlima. Yeye ndo apande mlima.

Na wewe mwanangu uwepo hapo. Huku Uingereza mtoto chini ya miaka 16 haruhusiwi hata kuuziwa mnyama kisheria, mwenye hamsta ni wewe.

BabaZai:
Ijumaa tumefanya. Dakika ishirini za kwanza alizunguka taulo tu. Mtoto akagonga ulimi tk tk, akaja, akanusa goti, akapanda, akaingia kwenye mkono wa pajama akatokea shingoni. Zai alikuwa analia na kucheka bila kutoa sauti kwa sababu alishaambiwa asipige kelele. Mama yake alikuwa kasimama mlangoni kajifunga khanga mpaka puani anasema "mtoeni huyo panya nataka kuoga", lakini tango nimekuta limekatwa vipande vidogo kwenye kisahani na mimi sikukata.

Swali la mwisho wakuu, kwenye kona amezika alizeti kibao, ghala kabisa. Nikisafisha nizitoe au niache?

Fundi_Tundu:
Kavu ziache, ukizitoa zote anaona ameibiwa mnarudi mwanzo. Toa tango tu na mboga, hizo zinaoza. Na maranda usibadilishe yote siku moja, bakiza ya zamani yenye harufu yake.

Domo_Kaya:
Kwa hiyo wa pili hununui?